Mfano Ulisema Imekwisha Anguka

Mlipokuwa mkinikatia keki ya kuniaga mwezi uliopita, kijana mmoja wa chumba cha michoro aliniuliza kama ni kweli zamani tulikuwa tukijenga mashine za mbao kwanza, kisha ndiyo tukajenga za chuma. Nilimwambia ni kweli. Akacheka kwa adabu, namna mtu anavyomchekea bibi yake. Nikaona bora niyaandike kabla hamjaanza kusema kwamba naota. Sitaeleza nilipandishwa cheo mwaka gani wala nililipwa nini. Cheo kilikuja polepole, mshahara ukaja nyuma yake ukichechemea, na hayo yanatosha.

Ninachotaka kuandika ni habari ya mfano. Nyinyi asubuhi mnaufungua kwenye kompyuta bila hata kuutazama vizuri. Mashine nzima imo mle: chuma, nyaya, injini, mafuta, na uzito wa kila kitu, na ukigusa kimoja vingine vyote vinapata habari. Mnaona ni jambo la kawaida. Mimi sijalizoea mpaka leo, na mna haki ya kujua kwa nini.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitoka chuo cha ufundi na rula yangu mwenyewe. Kila siku nilivuka kivuko kutoka Likoni, nikakatiza kisiwa mpaka karakana yetu ya Changamwe. Karakana ilikuwa chini ya njia ya ndege, na kila ndege iliposhuka kwenda uwanjani sote tuliinua kalamu juu ya karatasi tukangoja, maana meza zilitetemeka. Mgeni ulimjua kwa mstari wake uliopinda.

Mkuu wa usanifu alikuwa Injinia Mutiso, Mkamba wa Machakos, mrefu, mkimya, aliyejifunza Kiswahili chetu kwa kubishana nasi. Siku yangu ya kwanza hakunipa kalamu. Alinichukua chumba cha nyuma, na sakafuni palikuwa na kreni ya mbao iliyonifika kiunoni. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile. Ilikuwa imepigwa msasa, imepakwa vanishi, kamba zake za uzi zimepita kwenye vigurudumu vidogo kama vifungo vya shati. Kwenye ndoana palining'inia kopo. Injinia akanipa kata ya mchanga.

"Tia," akasema.

Nikatia kidogo.

"Endelea."

Nikaendelea polepole, maana nilisikia mbao zikianza kulia. Kisha pakatoka mlio kama wa mtu anayevunja muwa, na ule mkono mzuri ukakatika, mchanga ukanimwagikia miguuni. Nilipiga ukelele. Nilijua kazi imeniponyoka siku ya kwanza, na nikaanza kufikiria nitamwambia nini mama.

Injinia Mutiso alikuwa ameinama juu ya pale palipokatika, uso umemchangamka kama mtu aliyeonyeshwa mwanawe wa kwanza. "Umeona hapa? Hapa ndipo dereva angekufa. Sasa hatakufa. Chora hapa, tutaongeza chuma."

Nilimuuliza kwa nini wameitengeneza vizuri vile ikiwa ni ya kuvunjwa.

"Ukiitengeneza vibaya itavunjika kwa ubaya wake," akasema. "Mimi nataka ivunjike kwa ubaya wetu."

Basi ndivyo nilivyofundishwa kazi. Kila mashine tuliyoijenga ilianza kwa mfano, na kila mfano ulikuwa na mtu wake wa mbao, mrefu kama njiti ya kiberiti, ambaye tulimpitisha kila mahali ambapo fundi wa grisi angepita. Mara moja alikwama katikati ya mkanda wa kupakia magunia, na hapo hapo tukabadilisha fremu nzima. Wateja walicheka wakiona watu wazima wanacheza na mwanasesere. Hawakujua yule mwanasesere ametuponyea vidole vingapi.

Kuhusu vyombo vya kazi, nawaambia moja tu: msipime karatasi. Siku hizi hamna karatasi, lakini wakati wetu masika yakiingia karatasi ilinyonya unyevu ikatanuka, na aliyeweka rula juu ya mchoro badala ya kusoma nambari iliyoandikwa alikata chuma kirefu kuliko kinachotakiwa. Wino nao tuliufuta kwa kuukwangua na wembe. Mkono wa mchoraji ulijulikana kwa makovu.

Sasa nimtaje Fundi Salim, maana bila yeye sina kisa. Alikuwa mkubwa wa mafundi wa kuchomelea, mtu wa Kisauni wa ukoo wa zamani, anayevaa kofia ya kitambaa chini ya kinyago cha kuchomelea. Mchoro mpya ukitoka, alipanda ghorofani kuja kuutazama. Kwanza alinisabahi, akamuuliza mama, akawauliza ndugu zangu mmoja mmoja, akauliza hali ya Likoni kwa jumla. Kisha akaweka kidole juu ya karatasi.

"Bamba hili jembamba, mwanangu."

"Mfano umelibeba, Fundi. Tumeliwekea mzigo mara mbili."

"Inshallah," akasema, akashuka ngazi taratibu, akaenda kutia bamba nene zaidi.

Hiyo ndiyo tuliyoiita akiba. Hakuna aliyeiagiza na hakuna aliyeikataza. Fundi wa umeme akiambiwa waya huu, alitia ulio mnene zaidi. Fundi wa gia akiambiwa nati kumi, alitia kumi na mbili. Mpaka rangi alipaka tabaka moja zaidi, kwa ajili ya chumvi ya bahari. Msidhani walikuwa wakidanganya. Kwa watu wale fundi asiyetia akiba alikuwa kama mtu anayealika wageni kisha akapima wali kwa kijiko, na hawakuwa tayari kuonekana hivyo.

Na haikudhuru kitu, kwa sababu moja ambayo hatukuifikiria mpaka ilipotutoka. Mashine ya kuinua mizigo huwa na mkono mbele na zege zito nyuma, ili isipinduke. Siku zile zege tulilimwaga mwisho kabisa. Tulisimamisha mashine, tukanyoosha mkono wake wenyewe, na tukajaza sanduku la nyuma mpaka ikatulia. Akiba zote za dunia zilikuwa zimekwisha ingia kwenye chuma kabla hatujapima zege.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini ikaja kompyuta. Mwenye kampuni aliitengea chumba peke yake, akakitia kiyoyozi. Sisi tuliofanya kazi miaka yote na jasho likidondoka kwenye karatasi tulipata baridi kwa kuwa tumekaa karibu nayo. Mimi nilipelekwa kujifunza, nikarudi nikiwa mtunza mfano.

Nilichoshtukia si uzuri wa picha. Zamani kila idara ilikuwa na mfano wake: sisi wa mbao, watu wa umeme wao wa karatasi, watu wa injini wao wa kichwani. Sasa vyote viliingia mahali pamoja. Siku moja nimekaa natazama hesabu ya mkono wa mashine, hesabu ikabadilika yenyewe mbele yangu. Niliruka kwenye kiti nikatazama nyuma kuona nani ameigusa. Hakuna mtu. Ni fundi wa umeme, chumba cha pili, aliyebadilisha mota, na uzito wa mota umefika kwangu kabla yeye hajanyanyuka kitini.

Injinia Mutiso alikuwa kama mtu aliyeokoka. "Kisichomo ndani ya mfano hakimo duniani," alituambia kila mkutano. Kwa kuwa sasa uzito wote ulijulikana kabla ya kukata chuma, zege nalo lingemwagwa mapema, kwa kipimo cha mfano, likingoja tayari. Tungeokoa majuma mengi. Mwenye kampuni alifurahi, akatangaza kwamba yeyote atakayeuacha mchoro afungashe virago.

Kazi yetu kubwa ya kwanza kwa njia hiyo ilikuwa kipakuzi cha ngano cha gati moja la Kipevu. Mnakijua, kimepakwa rangi upya lakini ni kile kile: mnara juu ya magurudumu, mkono mrefu unaoinama juu ya meli, na chini ya mkono kibanda cha dereva kinachoning'inia. Mlango wa kibanda unakutana na ngazi ya mnara pale tu mkono unapokuwa umeinuliwa. Mkono ukishuka, dereva yuko hewani, juu kama nyumba ya ghorofa tatu, na hana pa kutokea.

Dereva alikuwa Athumani, Mdigo wa kwetu Likoni, mpole, mwenye mikono mikubwa. Alikuwa amemwoa Rukia, binti wa Fundi Salim. Alikuja mara kadhaa kwenye chumba cha kompyuta kwa ruhusa ya Injinia, akavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, akakaa nyuma yangu.

"Mimi nitakaa wapi humu, Bi Mwanakombo?"

Nikamwonyesha. Akataka kuona mkono ukishuka, nikaushusha. Akataka uende hadi mwisho kabisa, nikaufikisha. Magurudumu ya nyuma yalibaki yamekanyaga, na mfano ukaandika yanabeba uzito gani. Akaomba nirudie. Nikamrudia mpaka akawa anajua wenzo upi unafanya nini kabla mashine haijazaliwa.

"Basi hii nimeshaiendesha," akasema siku ya mwisho, akavaa viatu vyake akaenda.

Siku ya majaribio ilikuwa asubuhi yenye jua kali, kwenye uwanja wa karakana, kabla ya kuipeleka Kipevu. Hakukuwa na mzigo. Tulitaka kuona mkono mtupu ukishuka na kupanda. Athumani alipanda, akajifungia kibandani, akatupungia. Mkono ukaanza kushuka, laini, namna ile ile niliyoizoea kwenye skrini, mpaka ukanyooka wote mbele. Watu wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mashine, upande wa kivuli. Nikaona mwanga chini ya gurudumu. Nilidhani ni mafuta yanang'aa. Nikainama. Ulikuwa mwanga wa jua la upande wa pili.

"Injinia," nikaita, lakini hakusikia kwa makofi. Nikasema tena.

Injinia Mutiso alikuja, akapiga magoti, akachukua mchoro aliokuwa nao kwapani, akaupitisha chini ya gurudumu. Karatasi ikaingia, ikatokea upande wa pili bila mkwaruzo. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini sijaona kitu kilichonitisha kama karatasi ile.

Akasimama, akapaza sauti. "Athumani!"

"Naam!"

"Usiguse kitu. Usinyanyuke. Hata mkono usitoe."

"Kuna nini?"

Makofi yalikatika, na watu wote wakawa wanalitazama lile gurudumu. Fundi Salim aliweka kinyago chake chini polepole kana kwamba kitapasuka.

Nieleze hatari yenyewe. Mashine ilikuwa imesimama kwa magurudumu ya mbele na bahati. Kuinua mkono kungeirudisha, lakini mota ikiwaka tu hushtuka, na mshtuko huo ungetosha kuipindua. Ilibidi kwanza kuongeza uzito mkiani. Injinia alikuwa amekwisha mwagiza dereva wa foklifti alete matofali matano ya zege yaliyopangwa kando ya ukuta. Lakini uzito huo huo una upande wa pili: mkono ukifika juu, kila kitu kinaegemea nyuma, na mkia ukiwa mzito kupita kiasi mashine inalala chali, na kibanda kinakwenda nayo. Kidogo hakisaidii, na kingi kinaua. Na hakuna aliyejua kingi ni kipi, kwa sababu mfano ulikuwa unasema gurudumu limekanyaga.

"Foklifti ingoje," Injinia akasema. "Mafundi wote, juu."

Chumba cha kompyuta kilikuwa na dirisha linalotazama uwanja. Walijaa mle ndani na viatu vyao, wengine kwenye ngazi. Niliufungua mfano kwa haraka hata nikakosea herufi. Nje, usawa wa macho yetu hasa, Athumani alikuwa amekaa wima kibandani, kofia yake mapajani, akitutazama.

"Mfano unasema gurudumu liko chini," Injinia akasema. "Macho yanasema liko juu. Kwa hivyo kuna chuma duniani ambacho hakimo humu. Sitaki kujua kwa nini. Nani ameongeza nini?"

Watu wazima walioniamkia asubuhi wakawa wanatazama sakafu. Kila mmoja alilikumbuka neno la mwenye kampuni, na kila mmoja alikuwa na watoto. Nilisikia kiyoyozi kikivuma. Nilitaka kupiga kelele.

Fundi Salim alikuwa dirishani, amegeuzia chumba mgongo. "Mabamba ya mkono," akasema. "Ya chini. Yote, toka shinani mpaka nchani."

"Unene gani, Fundi?" nikamuuliza.

"Uliandika milimita nane. Nimetia kumi na mbili."

Nilimtazama nikasahau kuandika. Nilizoea akiba yake ya hapa bamba moja, pale bamba moja. Sikudhani mtu anaweza kuongeza nusu nzima ya mkono.

Akageuka. Macho yake, mato kama wasemavyo wazee wa kwao, yalikuwa mekundu. "Yule ni mume wa Rukia. Ningemweka chini ya bamba jembamba, mimi? Nimtizame vipi mwanangu? Wallahi nilitaka awe salama, nami ndiye nimemtundika pale."

"Andika," Injinia akaniambia.

Nikaandika, na wengine wakaanza. Fundi wa umeme alisema ametia waya mnene, na mwingine wa ziada ulale kando yake ikitokea ule umekatika. Fundi wa gia alisema roda ya nchani, lile gurudumu la kamba, ni ya saizi ya juu. Mpaka rangi alisema matabaka matatu badala ya mawili. Mtengeneza kibanda alisema kiti ni cha chuma, si cha fremu nyepesi, kwa sababu Athumani alimlalamikia mgongo. Kila aliyesema alisema kwa sauti ya chini, akimtaja Athumani, na kila nilichoandika kilikwenda mbele, kwenye ule mkono. Hakuna hata mmoja aliyeongeza kwa ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

Nikabonyeza mfano ufanye hesabu upya. Magurudumu ya nyuma yakageuka mekundu, na chini pakaandikwa kwamba mashine haisimami. Haikuwa kidogo, ilikuwa mbali kabisa. Nikarudia, nikidhani nimekosea, likaja jibu lile lile.

"Injinia," nikasema, "hii imekwisha anguka."

Wote tukageuka dirishani kwa pamoja. Athumani alikuwa pale pale, amekaa na kofia yake. Kwa mujibu wa mfano alipaswa kuwa chini, amefunikwa na chuma. Hilo lilinitia hofu zaidi, kwa sababu kama kuna kitu kinaishikilia mashine nasi hatukijui, basi hata matofali hatuwezi kuyahesabu.

"Kuna mtu hajasema," nikasema. "Aliyeongeza nyuma."

Mafundi wakatazamana. Sanduku la zege halikuwa kazi ya yeyote kati yao.

Injinia Mutiso akavua miwani. "Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyeelewa kwanza, hata mimi.

"Nilitia matofali mawili sandukuni. Jumamosi, mkiwa hampo."

"Wewe?" Fundi Salim akasema. "Wewe wa kisichomo hakimo?"

"Nimewaona miaka yote mnavyoongeza. Nilijua mtaongeza tena. Nikaona niwasawazishie kimya kimya." Akavaa miwani tena. "Sikujua mtaongeza hivi."

"Na kutwambia hukuweza?"

"Na nyinyi kuniambia mliweza?"

Walitazamana watu wazima wale wawili, na ghadhabu yao ilikuwa ya kweli, na nyuma yao dirishani yule mtu alikuwa anangoja. Nikaandika matofali mawili nyuma. Hesabu ikafanyika. Magurudumu ya nyuma yakaja na jibu la hewani kidogo, kidogo sana, unene wa karatasi.

Mfano ulikuwa haujasema uongo hata siku moja. Ulikuwa mfano wa mashine nyingine, ambayo sote tulikubali kuichora na hakuna hata mmoja wetu aliyeijenga.

Nikauuliza swali la mwisho: matofali mangapi. Moja lingelishusha gurudumu, lakini lisingestahimili mshtuko wa mota. Mawili yangetosha. Na matatu, mkono ukifika juu, yangeilaza mashine chali. Nikalisoma jibu kwa sauti, na Injinia Mutiso akashika ukingo wa meza, kwa kuwa yeye alikuwa ameagiza matano.

Foklifti ilileta mawili, moja moja, kwa mwendo wa kumbeba mgonjwa. Karatasi haikupita tena chini ya gurudumu. Athumani akaambiwa ainue, akainua, na mkono ukapanda hadi mlango ukakutana na ngazi. Alishuka ngazi ile akiwa ameielekea, mguu baada ya mguu. Fundi Salim alimngojea chini lakini hakuweza kumtazama. Athumani akauchukua mkono wa mkwewe akaubusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

Alipoelezwa yote alisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji, akanywa. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, maneno ambayo kwangu yalikuwa mazito kuliko matusi.

"Kwa hivyo fundi hakuuamini mfano, akaongeza. Injinia hakumwamini fundi, akaongeza. Humu mwote aliyeamini ni mimi peke yangu. Bi Mwanakombo alinionyesha inasimama, nikapanda."

Majuma yaliyofuata Fundi Salim aliyakata mabamba yake mwenyewe, hakukubali mtu amsaidie. Kila kipande kilipimwa kabla ya kufungwa. Akiba hatukuikataza, kwani ungewakataza watu wale kuwa watu. Tuliipa mahali pake ndani ya mfano. Fundi alikuja, akakaa, akasema anataka kuongeza nini na kwa nini, nami nikaandika mbele yake, na sote tukaona mashine inasema nini. Akiba nyingine zilibaki, zimo mpaka leo. Nyingine mfano ulizikataa, na mwenyewe akaziona zinakataliwa. Mwenye kampuni alitaka kufukuza watu, lakini Injinia alimwambia, "Anza na mimi," na hapo maneno yakaisha.

Siku ya majaribio ya pili Athumani alikuja amevaa safi. Akasema atapanda, ila kwa sharti: sisi watatu, Injinia, Fundi Salim na mimi, tusimame chini ya mkono, pale pale ambapo ungeangukia.

Injinia Mutiso alikuwa wa kwanza kwenda. Mimi niliogopa, nami sioni haya kulisema, nilikuwa na watoto wawili nyumbani. Nilikwenda. Fundi Salim akasimama kati yetu, akafungua viganja, akasoma dua kwa sauti ndogo, na alipomaliza Injinia, ambaye ni mzee wa kanisa, akaitikia Amin kabla yangu.

Juu, dirisha la kibanda likafunguka.

"Mko chini nyote?"

"Tuko," nikajibu.

"Mnauamini?"

Hakuna aliyesogea. Akangoja kidogo, kisha akafunga dirisha, na mkono ukaanza kushuka juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa nimeushusha mkono ule mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, na mara zote niliutazama kutoka juu, kwenye skrini, nikiwa nimekaa kwenye baridi. Sikuwahi kuuona kutoka chini. Wallahi, ulikuwa mkubwa.